Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika: Kutoka sahani ya setilaiti hadi mkongo wa baharini

Na Mwandishi Wetu

MHADHARA kutolewa ng'ambo na kufuatiliwa na wanafunzi walioko Nairobi au Addis Ababa lilikuwa jambo la kushangaza mwaka 1997, wakati Benki ya Dunia ilipoanzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha AVU.

Chuo hicho hakikuwa na kampasi. Kilitumia vituo vilivyowekwa ndani ya vyuo vikuu vilivyokuwapo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya, ambako vipindi vilipokewa kwa sahani ya setilaiti na kuonyeshwa darasani. Mwanafunzi mwenye swali aliweza kumwuliza mhadhiri kwa simu.

Setilaiti za namna hiyo huwa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake hupotelewa na nusu sekunde njiani. Hilo lingevumilika. Kilichoviumiza vyuo ni gharama: malipo makubwa kila mwezi kwa njia nyembamba ya mawasiliano, ambayo idara nzima zililazimika kugawana. Aidha, masomo yaliyoandaliwa ughaibuni hayakulingana sawasawa na mitaala ya vyuo vya hapa, na kwa maoni ya mwandishi hili ndilo lililokuwa tatizo kubwa zaidi, kwani halitibiki kwa mitambo.

Mwaka 2002 makao makuu yalihamishwa kutoka Washington kwenda Nairobi. Mwaka uliofuata serikali za Kenya, Senegal, Mali, Mauritania na Côte d'Ivoire zilitia saini mkataba ulioifanya AVU kuwa taasisi ya kiserikali ya Waafrika wenyewe. Tanzania ilijiunga baadaye.

Matunda ya mabadiliko hayo yalionekana katika mpango wa elimu ya ualimu uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ukihusisha nchi 10, Tanzania ikiwamo. Wahadhiri wa nchi hizo waliandika wenyewe moduli 73 za hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, teknolojia ya habari na elimu. Zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na yeyote aliruhusiwa kuzitumia bila malipo. Kiswahili hakikuwamo.

Wakati huo njia ya mawasiliano nayo ilikuwa ikibadilika. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kufanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Hata hivyo, mkongo kufika ufukweni si sawa na kufika maktaba. Kazi hiyo ilifanywa na mitandao ya vyuo, mathalani KENET ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1999, ambayo hununua huduma kwa jumla na kuvigawia vyuo wanachama. Mwaka 2005 KENET na mitandao ya Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini iliunda umoja wa UbuntuNet, wenye makao yake Lilongwe, ili kuunganisha vyuo vya nchi mbalimbali moja kwa moja.

Mtihani ulikuja Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA), kinachofundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, kilikuwa na mazoea ya wanafunzi walioko mbali. Tanzania ilifungua vyuo vyake Juni 1 mwaka huo.

Kipindi hicho kilidhihirisha pengo ambalo mikongo haikuliziba. Ndani ya vyuo vilivyojiunga na huduma ya eduroam, mwanafunzi hutumia nywila moja kupata intaneti kwake na katika vyuo vingine vya nje ya nchi. Akitoka nje ya geti, au akirudi kijijini wakati wa likizo, hutegemea simu yake na kifurushi anachonunua kwa fedha zake mwenyewe, na muhadhara mmoja wa video unaweza kukimaliza.