Hoteli bora na hoteli duni: Jinsi mlaji anavyoweza kuzitofautisha

KATIKA Kiswahili cha Kenya, hoteli si mahali pa kulala pekee. Mtu anayeaga wenzake adhuhuri kwamba anaenda hotelini aghalabu huwa anafuata chapati na madondo katika chumba chenye meza nne na benchi, wala hana haja ya kitanda. Neno hilo moja hubeba kibanda cha mabati kilicho kando ya mjengo, mkahawa wa katikati ya jiji, baa yenye buchari mlangoni na jumba la nyota tano.

Kwa sababu hiyo, nyota hazimfai sana mlaji wa kawaida. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kutoa nyota, na hapa nchini kazi hiyo iko mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Lakini hoteli nyingi zinazolisha makarani, mafundi, wachuuzi na madereva wa matatu hazina nyota hata moja na hazitarajii kuiomba. Mlaji wa hoteli hizo hana budi kujipimia mwenyewe, na akikosea kipimo, hasara yaweza kuzidi bei ya sahani.

Wala nyota zenyewe si kinga. Mnamo 2017, kipindupindu kilizuka Nairobi na kuwapata watu waliokula katika kongamano kwenye hoteli moja ya kifahari. Majuma machache baadaye kiliwapata wengine waliohudhuria maonyesho ya kibiashara katikati ya jiji. Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt Cleopa Mailu, alifuta vyeti vya afya vya watayarishaji wa vyakula na kuamuru wapimwe upya. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa vibanda na mitaa ya mabanda ulikuwa umeketi kwenye meza zenye vitambaa vyeupe.

Sheria yasemaje

Mtu yeyote anayeshika chakula cha kuuziwa umma, awe mpishi, mhudumu au mwosha vyombo, anatakiwa awe na cheti cha afya, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Jengo lenyewe linahitaji leseni ya usafi wa chakula chini ya Sura ya 254 ya sheria za Kenya, mbali na kibali cha biashara. Tangu katiba ya 2010 ianze kutekelezwa, utoaji wa leseni kwa wauzaji wa chakula na udhibiti wao ni jukumu la serikali za kaunti. Ndiyo maana anayekagua hoteli ya Nakuru ni afisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Nakuru, wala hatoki Nairobi.

Vibali hivyo kwa kawaida hubandikwa ukutani karibu na meza ya keshia. Wateja wachache huviangalia, ilhali tarehe iliyopita ya leseni hueleza mengi kuliko tabasamu la mwenye hoteli. Hata hivyo, karatasi ni karatasi. Kila Mkenya amewahi kusikia kuhusu cheti kilichopatikana bila mwenyewe kutoa hata tone la damu, kwa hivyo macho ya mlaji hayawezi kustaafu kwa sababu ya muhuri.

Mahali pa kuanzia ni maji. Mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipoingia nchini, ndoo na mifereji ya kunawia mikono iliwekwa kwenye milango ya karibu kila hoteli. Zipo zilizoidumisha desturi hiyo na zipo ambazo ndoo zake siku hizi zimesimama kavu kama mapambo. Hoteli isiyo na maji ya kunawa mteja, katika nchi ambayo ugali huliwa kwa mkono, huenda haina ya kutosha kuoshea sufuria vilevile. Chooni napo hapafai kusahaulika: mpishi hutumia choo hichohicho, na kama hakuna sabuni kwa ajili ya mteja, hakuna sabuni kwa ajili ya mpishi.

La pili ni moto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe bila moto wala baridi kwa zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri mlaji kidumishwe katika joto la nyuzi 60 na zaidi, na cha kuhifadhiwa kiwe chini ya nyuzi tano. Mteja hana haja ya kipimajoto. Sahani iliyoletwa ikifuka moshi ni dalili njema. Wali uliopoa ambao umemwagiwa mchuzi moto juu yake ni mbinu ya kumhadaa. Wali unastahili tahadhari ya pekee kwa kuwa kuna bakteria ambao chembe zao hustahimili kuchemshwa, kisha huamka na kuzaana wali ukilala mezani.

Ndiposa kibanda chenye foleni ndefu saa saba mchana mara nyingi huwa salama kuliko mkahawa mtulivu wenye picha za vyakula ukutani. Kibandani, sufuria ya ndengu huisha kabla ya kupoa. Katika mkahawa usio na wateja, nyama iliyopikwa asubuhi hupashwa moto jioni, na pengine tena kesho yake.

Nyama choma na mizani

Hakuna mlo unaomtia Mkenya majaribuni kama nyama choma, na hakuna unaompunja kwa wepesi kama huo. Nyama huuzwa kwa kilo ikiwa mbichi, lakini huliwa ikiwa imechomwa. Moto hutoa maji na mafuta, hivi kwamba kilo iliyopimwa hupungua kwa robo au zaidi kabla ya kufika mezani. Upungufu huo wa kawaida ndio kichaka ambamo mwizi hujificha: mteja akilalamika kwamba nyama ni haba, huambiwa imeliwa na moto.

Mlaji mzoefu hukaa mbele ya buchari hadi kipande chake kipimwe. Huchagua mwenyewe, kwa mfano mbavu au mguu wa mbuzi, hutazama mhuri wa wino wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga, kisha hutazama mshale wa mizani kabla na baada ya nyama kuwekwa. Mizani ya biashara hustahili kukaguliwa na kutiwa alama kila mwaka chini ya sheria ya vipimo, Sura ya 513. Wengine hukariri umbo la mfupa ili watambue kama kilichorudi ndicho kilichokwenda. Hiyo si tabia ya ubahili. Kilo ya mbuzi si bei ya mchezo.

Rangi pekee haitoshi kuthibitisha kwamba nyama haijakaa. Mnamo Julai 2019, ripoti ya uchunguzi ya runinga ilidai kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakitumia kemikali kuifanya nyama iliyokaa ionekane nyekundu kama ya leo. Wateja wengi waliikimbia nyama ya rafu za maduka kwa muda. Pua na kidole ni mashahidi bora zaidi: nyama nzuri haitelezi wala hainuki.

Ikishafika mezani, choma hupimwa kwa mambo machache. Iwe imechomwa polepole juu ya makaa, si kuunguzwa na ndimi za moto. Ngozi ya nje iwe kavu na ndani mwake mna unyevu. Na chumvi iwe ya kutosha kuonja nyama, si kuificha. Anayesubiri chini ya dakika 40 ama ameletewa iliyochomwa mapema ama ameletewa ya mtu mwingine.

Jambo ambalo wengi hupuuza ni kwamba hatari kubwa kwenye ubao huo si nyama, bali kachumbari. Nyama imepita motoni. Nyanya, vitunguu na dania havikupita popote ila kwenye maji ya kuoshea, kama vilioshwa, halafu vikakatwa kwa kisu na juu ya ubao ambao pengine ndio uliokatiwa nyama mbichi. Wakati wa mkurupuko wa kipindupindu, mlaji mwenye busara huacha kachumbari na barafu kabla ya kuacha nyama.

Pwani kuna ladha zake

Mjini Mombasa na Lamu, kipimo hubadilika. Pale mteja hahukumu wingi kwanza, huhukumu ujuzi. Pilau na biriani, ambazo bara huchanganywa majina hadi aibu, ni vyakula viwili tofauti. Katika pilau, mchele hupikwa pamoja na nyama na supu yake, na rangi ya hudhurungi hutokana na vitunguu vilivyokaangwa barabara pamoja na viungo kama jira, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Pilau yenye rangi ya unga wa dukani huku haina harufu ni wali uliovalishwa joho.

Biriani hupikwa mbalimbali: wali peke yake, na mchuzi mzito wa nyama wenye maziwa ya mtindi, viazi na vitunguu vya kukaanga peke yake, kisha hukutanishwa wakati wa kupakua. Mkahawa unaomletea mteja pilau iliyomwagiwa mchuzi na kuitoza bei ya biriani unamwibia. Asubuhi, mahamri mema huwa yamefura na kuwa na uwazi ndani, yananukia iliki na tui la nazi, wala hayaachi ziwa la mafuta kwenye karatasi. Mbaazi zake ziwe za nazi, laini, bila maji yanayoelea.

Kando ya Ziwa Victoria, kama vile ufuoni Dunga mjini Kisumu, mteja huweza kuonyeshwa ngege kabla hajakaangwa. Macho ya samaki yang'ae, mashavu ndani yawe mekundu, na nyama irudi ikibonyezwa. Samaki aliyekwisha kukaangwa ukavu na kurundikwa hawezi kuhojiwa. Anayetaka uhakika aagize anayetoka majini.

Chipsi na kuku, mlo wa vijana mijini tangu enzi za miaka ya 1980, humulikwa kwa mafuta. Mafuta meusi, yenye povu na moshi wa kukereketa koo yametumika kupita kiasi. Isitoshe, kampuni ya umeme nchini imewahi kulalamika kwamba mafuta yanayoibwa kwenye transfoma huuziwa wakaangaji, kwa kuwa hayaishi upesi. Kuhusu viazi, wengi hawajasahau Januari 2022, mikahawa ya kampuni ya Marekani, KFC, ilipoishiwa na chipsi nchini Kenya kwa sababu ilitegemea viazi kutoka ng'ambo, ilhali wakulima wa Nyandarua wana viazi tele. Kibanda cha mtaani, kwa hilo, kiliishinda kampuni ya kimataifa.

Lakini yapo mambo ambayo jicho haliwezi. Novemba 2019, Shirika la Viwango nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Ugali wa unga huo ungeweza kuwa mweupe, ulioshikana na usionata mkononi kama ugali wowote mzuri. Hapo kazi ni ya maabara na serikali, na si haki kumlaumu mpishi.

Kosa ni la nani?

Kuhukumu huduma kunahitaji uadilifu zaidi kuliko kuhukumu chakula. Mhudumu ndiye sura ya hoteli, hivyo hutukanwa kwa makosa yasiyo yake. Chakula kikichelewa kwa sababu jikoni mna jiko moja, huyo hana la kufanya. Lililo lake ni kumwarifu mteja mapema, kutaja bei bila kulazimishwa, kukumbuka nani aliagiza nini, na kutoshika glasi kwa ndani. Katika hoteli nyingi ndogo, mteja akitoroka bila kulipa, fedha hizo hukatwa kwenye ujira wa mhudumu. Anayemwona akikaa mlangoni kama askari asidhani ni ujeuri.

Kwenye bili, mkahawa uliosajiliwa hutoza ushuru wa VAT wa asilimia 16, na risiti nyingi huonyesha pia tozo ya utalii ya asilimia mbili. Bei ya menyu inastahili kueleza kama ushuru umo ndani. Mteja anayeongezewa asilimia 18 mwishoni bila kuonywa ana haki ya kuuliza. Bahashishi haipo katika sheria. Palipo na tozo ya huduma kwenye bili, mteja hadaiwi nyingine, na kwa kuwa sasa malipo mengi hupitia M-Pesa na kuishia kwa mwenye hoteli, anayetaka kumtuza mhudumu ni heri ampe mkononi.

Mteja aliyeudhika ana njia. Kifungu cha 46 cha katiba kinampa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, ulinzi wa afya yake, na fidia anapopata hasara. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inaongezea nguvu. Kwanza azungumze na msimamizi palepale, sahani ikiwa bado mezani, kwa sababu aliyemaliza kula kisha akalalamika huaminiwa na wachache. Akiugua, aende hospitalini upesi, ahifadhi risiti na maelezo ya daktari, aandike alichokula na saa aliyokula, na kuwauliza waliokula naye iwapo wameugua. Ripoti hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, ambaye ana mamlaka ya kukagua jikoni, kuchukua sampuli na kuchukua hatua za kuifunga hoteli.