Rozari Kwenye Matanga: Mabishano Kuhusu Bikira Maria Katika West Nile

Katika insha hii ninajadili mabishano ya Wakatoliki na Waprotestanti kuhusu Bikira Maria katika West Nile, hasa Arua na Koboko. Nimechagua mada hii kwa sababu ukoo wetu wa Wakakwa, kama koo nyingi za Koboko, una Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Kwenye matanga, shangazi zangu wanapoanza rozari, baadhi ya wajomba huinuka na kwenda kukaa nje. Marehemu ni wetu sote, lakini tunamlilia kwa makundi. Hoja yangu ni kwamba tofauti ya imani ipo kweli, ila ukali wake umetokana zaidi na historia ya misheni, siasa, na utata wa neno moja.

Tuanze na historia. Buganda ilipokea wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. West Nile ilichelewa. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda. Ndipo misheni mbili zikaingia karibu kwa pamoja. Mapadre wa Verona, yaani Wakomboni, waliotangulia kufanya kazi Sudan na Acholi, walifungua misheni ya Moyo mwaka 1917. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918. Hadi leo Wakatoliki wa Arua wana kanisa kuu lao Ediofe na Waanglikana wana lao Mvara, na mtu wa Arua akitaja moja ya majina hayo mawili, msikilizaji anajua ni dini gani inayozungumzwa.

Kila upande ulikuja na mzigo wake. Mapadre wa Verona walitoka Italia katika kizazi kilicholelewa na rozari. Papa Pius IX alikuwa ametangaza mwaka 1854 kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili. Africa Inland Mission ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na watu walioshikilia Biblia peke yake. Kwa makubaliano na Waanglikana, waumini wake wa West Nile waliingia katika Kanisa la Uganda, ambalo mapokeo yake, katika kifungu cha 22 cha Vifungu 39, yanakataa kuwaomba watakatifu. Basi Mlugbara au Mkakwa aliyebatizwa alipokea pamoja na maji ugomvi ulioanza Ulaya katika karne ya 16. Hakuambiwa kwamba Martin Luther mwenyewe aliandika ufafanuzi wa wimbo wa Maria mwaka 1521 kwa heshima kubwa, wala kwamba Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, uliomwita Maria Mama wa Mungu, ulifanyika zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Waprotestanti kuwapo.

Jambo la pili ni lugha. Koboko tunatumia Kiswahili sokoni na penye watu wa makabila mbalimbali, na kwa Kiswahili neno "kuomba" lina kazi mbili. Namwomba Mungu, na namwomba jirani jembe. Mkatoliki anaposema anamwomba Maria, maana yake ni kumtaka amwombee kwa Mungu, kama anavyomtaka mama yake mzazi amwombee. Mprotestanti husikia neno hilohilo na kuelewa "kuabudu". Nimesikia watu wazima wakirushiana maneno jioni nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: "Ndugu, unaposema kuomba, unamaanisha nini?"

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba ni suala la neno tu. Mprotestanti anauliza: kama Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, 2:5, unasema mpatanishi ni mmoja, Maria anapitia wapi? Mkatoliki anajibu kwa arusi ya Kana, ambapo Maria ndiye aliyemweleza Yesu kwamba divai imekwisha. Tena mwaka 1950 Papa Pius XII alitangaza kupalizwa kwa Maria mbinguni kuwa fundisho la lazima, na Mprotestanti hakuti andiko linaloeleza tukio hilo. Hapo kuna tofauti halisi, na anayeificha hasaidii umoja.

Kilichozidisha moto ni siasa. Karibu na uhuru wa 1962, chama cha DP kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti. Watu walitania kwamba DP ni "Dini ya Papa". Shule nazo zilikuwa za misheni. Rozari shingoni ikawa kama kadi ya chama, na ubishi juu ya Maria ukabeba ubishi juu ya kazi na vyeo.

Lakini historia hiyohiyo inaonyesha njia nyingine. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliipa kanisa la Lodonga, katika Yumbe ya leo, hadhi ya basilika. Jina lake ni Bikira Maria wa Afrika, Mama wa Umoja, na majirani zake wengi ni Waislamu, ambao Kurani yao ina sura nzima, ya 19, yenye jina la Maryam. Mwaka 1963 makanisa yaliunda Baraza la Pamoja la Wakristo wa Uganda. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwaonya Wakatoliki wenyewe wasitie chumvi katika kumheshimu Maria. Mwaka 2005 tume ya pamoja ya Waanglikana na Wakatoliki ilitoa hati nzima juu yake, ikieleza wanapokubaliana na maswali yaliyobaki.

Kwa maoni yangu, Mprotestanti wa Koboko anaweza kukaa chini ya turubai rozari inaposaliwa bila kufungua kinywa, na hatakuwa ameikana imani yake. Mkatoliki naye anaweza kumpisha mwinjilisti asome Injili bila kunong'ona kwamba "hawa hawana mama". Yaliyobaki tuyabishanie darasani, tukiwa na Biblia na tarehe mkononi. Matangani kuna mfiwa, na yeye anahitaji watu wa kukaa naye.