Shamba la Akiba katika Inchi ya Kasongo na Kabambare

Kujikinga na njaa si jambo jipya kwetu. Sheria ya 1917 iliwaruhusu wakubwa Wabelgiji kulazimisha vijiji kulima hata siku 60 kwa mwaka. Sheria ya 1933 iliithibitisha sheferi kuwa serikali ndogo, nao wasultani wakasimamia kazi hiyo.

Muhogo ulifaa kwa akiba: waweza kukaa udongoni zaidi ya mwaka, wala nzige hawaifikii mizizi yake. Shauri hilo lilikuwa jema. Lakini pamoja nalo ilikuja pamba ya bei ndogo, na lamande, na kifungo. Watu wakalichukia shamba lenyewe.

Basi leo sheferi ikitaka kuzuia njaa au hasara ya mafuriko, iwaulize kwanza wenye mashamba.