Kiyoyozi cha nyumba nzima: Mjenzi wa Sigalagala ahesabu nini kabla ya kulipa

ANAYEJENGA nyumba Sigalagala, kando ya barabara kuu ya Kakamega kwenda Kisumu, huenda akaletewa na jamaa aliye ng'ambo ramani yenye kiyoyozi cha nyumba nzima. Kabla hajagusa pesa za kiinua mgongo, yafaa ajue mtambo huo hufanya kazi vipi, hugharimu kiasi gani, na iwapo hali ya hewa ya kwao inauhitaji.

Mtambo wenyewe

Mfumo huu una mashine ya nje yenye kompresa, mashine ya ndani yenye feni kubwa, na njia za bati zinazopita juu ya dari kupeleka hewa baridi katika kila chumba. Kidhibiti joto kilicho ukutani huiwasha na kuizima. Ni tofauti na kiyoyozi cha ukutani, ambacho hupoza chumba kimoja tu.

Nguvu ya viyoyozi hupimwa kwa BTU. Chumba cha kulala cha kawaida huhitaji takriban BTU 9,000, na sebule kati ya 12,000 na 18,000. Nyumba nzima ya vyumba vitatu vya kulala huweza kuhitaji kati ya 36,000 na 60,000.

Gharama ya kuweka

Nchini Marekani, ambako mifumo hii ni ya kawaida majumbani, kuiweka hugharimu takriban kati ya dola 5,000 na 12,000, na nyumba kubwa hupita hapo. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hizo ni Sh650,000 hadi Sh1,560,000.

Humu nchini, mifumo ya aina hiyo huwekwa zaidi katika hoteli, hospitali na majengo ya ofisi. Kwa hivyo, bei ya nyumba ya kuishi hutolewa baada ya fundi kufika na kupima. Msomaji ahakikishe kwamba makadirio anayopewa yanataja mashine, njia za hewa, kazi ya umeme, usafiri hadi Kakamega, na Ushuru wa Ziada ya Thamani (VAT) wa asilimia 16. Aidha, kupitisha njia za hewa katika nyumba iliyokwisha kujengwa ni ghali zaidi, kwa kuwa dari hupasuliwa na kutengenezwa upya.

Gharama ya kila mwezi

Bei ya kununua hulipwa mara moja, lakini umeme hulipiwa kila mwezi. Tuchukue mfano wa mtambo unaotumia kilowati 4, ukiwashwa saa sita kwa siku. Hizo ni uniti 24. Uniti moja ikiwa Sh30, siku moja itagharimu Sh720 na mwezi wa siku 30 Sh21,600. Hata kompresa ikifanya kazi nusu tu ya muda huo, bado ni Sh10,800.

Feni ya wati 60 ikizunguka kwa saa hizo sita hutumia uniti 0.36, yaani takriban Sh11 kwa siku, au Sh324 kwa mwezi.

Je, Sigalagala yahitaji?

Sigalagala iko kilomita chache kaskazini mwa ikweta, lakini iko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 14. Mvua za alasiri pia huipoza ardhi. Hali hiyo ni tofauti na ya Mombasa, ambako hata usiku joto na unyevu humkosesha mtu usingizi.

Joto linalowasumbua wengi hapa mchana hutokana na paa. Bati tupu lililopigwa na jua huweza kupita nyuzi 50, na chumba kisicho na dari hupokea joto hilo lote. Wazee waliolala katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi hawakuijua taabu hiyo, kwa sababu nyasi huzuia joto.

Kwa hivyo, shilingi ya kwanza ya kupoza nyumba iende kwa seremala na mwashi. Dari iwekwe katika kila chumba, na karatasi ya kuakisi joto itandazwe chini ya mabati. Matundu ya hewa yaachwe juu ya dari ili joto litoke. Pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, na madirisha ya upande wa magharibi yawe madogo, kwani huko ndiko litokako jua kali la alasiri. Madirisha yakabiliane ili upepo upite. Kazi hizi hulipiwa mara moja, wala hazidai tokeni.

Ukiamua kununua

Hata hivyo, kuna nyumba zenye mgonjwa au mzee asiyestahimili joto. Kwa hali hiyo, kiyoyozi cha ukutani katika chumba kimoja chatosha. Chagua chenye nyota nyingi kwenye kibandiko cha matumizi ya umeme, na uulize kinatumia gesi gani. Epuka mashine ya gesi ya R-22: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazostawi zinaikomesha kufikia 2030, na kuipata wakati wa matengenezo kutazidi kuwa vigumu.

Hali kadhalika, tumia fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Magharibi mwa Kenya hupigwa na radi mara kwa mara, hivyo kifaa cha kukinga mitambo dhidi ya umeme unaopanda ghafla si anasa.

Anayetaka ushauri kabla ya kujenga asiende mbali. Sigalagala yenyewe ina taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya ufundi. Swali la kumuuliza fundi aliyesomea ujenzi liwe hili: nyumba hii itapoa vipi umeme ukipotea? Akilijibu vyema kwa ramani, huenda mtambo usihitajike kabisa.