Santuri ya Watawa Watano

Kazi ya sanaa ina mahakimu wawili: soko na wakati. Soko hukata hukumu upesi kwa hesabu ya fedha. Wakati hukata polepole kwa kutazama nani anarudi kusikiliza. Aghalabu mahakimu hawa hupatana, lakini ziko siku hupingana kabisa. Mfano mmoja wa kupingana huko ni santuri iitwayo Black Monk Time, iliyotolewa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1966 na kampuni ya Polydor. Ilikuwa santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya The Monks, yaani Watawa, na bendi hiyo haikupata kutoa ya pili.

Watawa hawa hawakuwa watu wa dini. Walikuwa Wamarekani watano waliopelekwa Ujerumani kwa utumishi wa jeshi, wakakutana katika kambi ya mji wa Gelnhausen: Gary Burger, mwimbaji na mpigaji gitaa, Larry Clark wa kinanda, Dave Day, Eddie Shaw wa gitaa la besi, na Roger Johnston wa ngoma. Mwaka 1964 bendi yao iliitwa The Torquays, nayo ilipiga nyimbo za wengine zilizokuwa zikipendwa wakati ule. Utumishi wao ulipokwisha hawakurudi kwao. Walibaki ugenini wakala jasho la muziki.

Katika vilabu vya Ujerumani vya siku zile mpigaji muziki alikuwa kibarua. Bendi ilipiga saa nyingi usiku baada ya usiku, mbele ya wanywaji waliotaka kucheza na si kusikiliza. Katika mji wa Hamburg, klabu ya Top Ten, ambamo The Beatles walipiga mwaka 1961, iliwapokea Watawa pia miaka michache baadaye. Kazi kama hiyo huchosha vidole lakini hufunza masikio. Wanaume hawa watano walijifunza kwamba kinachomwinua mchezaji kitini ni mdundo. Basi wakaanza kuondoa katika muziki wao kila kitu kisichousaidia mdundo.

Dave Day aliliacha gitaa akashika banjo ya nyuzi sita, akaichapa kwa nguvu hata ikalia kama bati linalogongwa. Johnston akaegemea ngoma zenye sauti nzito kuliko matoazi. Besi ya Shaw ikafanywa ikwaruze. Inasimuliwa kwamba siku moja, katika mazoezi, Burger aliliegemeza gitaa lake kwenye chombo cha kukuzia sauti akatoka nje. Gitaa likaanza kulia peke yake kwa mlio usiokoma, na Johnston akaufuata mlio ule kwa ngoma. Mtu mwingine angekimbilia kuuzima. Wao waliusikiliza, wakauingiza katika nyimbo zao.

Santuri ilirekodiwa mjini Cologne mwezi wa Novemba mwaka 1965. Katika majira yayo hayo The Beatles walikuwa London wakirekodi Rubber Soul, santuri iliyotia sitar ya Kihindi katika muziki wa vijana. Njia mbili zilikuwa zimefunguka: wengine walitajirisha muziki kwa kuongeza, Watawa waliutia makali kwa kupunguza. Nyimbo zao 12 huisha katika muda wa nusu saa hivi. Maneno ni machache na hurudiwarudiwa, na kila ala hugeuka kuwa ngoma. Baadaye muziki wa namna hii uliitwa roki ya gereji, kwa kukumbuka vijana waliojifunza kupiga katika banda la kuwekea gari. Lakini banda la Watawa lilikuwa kambi ya askari, na lugha yao ya mkato ilifanana na amri za gwaride.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Machi mwaka 1965 vikosi vya kwanza vya mapigano vya Marekani vilitua Da Nang, na vita vya Vietnam vikaanza kula vijana wa rika lao. Wimbo wa kwanza wa santuri ni Monk Time. Huuliza habari za mauaji ya Vietnam, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa sare. Wakati huo nyimbo za kupinga vita ziliimbwa zaidi kwa gitaa la upole na maneno ya hekima. Burger aliimba kama mtu aliyekasirika asiyejua hasira aipeleke wapi, na askari wengi wangeitambua hali hiyo.

Wako wanaoweza kusema kwamba ukali huu ulikuwa wa kutengenezwa. Shutuma hii ina haki yake. Mameneja wao, Karl-Heinz Remy na Walther Niemann, walikuwa watu wa kazi ya matangazo, na sura ya bendi ilipangwa: nguo nyeusi, kamba shingoni badala ya tai, utosi ulionyolewa kama wa watawa wa kale. Lakini vazi huweza kupangwa kwa siku moja. Mdundo wa santuri ile ulitokana na mamia ya saa za kazi ya usiku. Msikilizaji asiyeiona picha yao hata moja bado husikia kazi hiyo.

Soko lilikataa. Santuri haikutolewa Marekani, na Ujerumani haikupata wanunuzi wengi. Bendi ikajaribu nyimbo laini zaidi, nazo hazikuwaokoa. Mwaka 1967, wakati ilipokuwa ikitazamia safari ya kupiga muziki Asia, pamoja na Vietnam yenyewe, ilivunjika, na kila mmoja akaenda zake.

Hakimu wa pili alichelewa, ila alifika. Mwaka 1990 bendi ya The Fall ya Manchester iliurekodi upya wimbo wao kwa namna yake. Mwaka 1997 santuri ilitolewa Marekani, miaka 31 baada ya kutolewa kwa mara ya kwanza, na mwaka 1999 Watawa walipiga New York, kwa mara ya kwanza katika nchi yao kwa jina hilo. Johnston alifariki mwaka 2004, Day mwaka 2008, na Burger, aliyekuwa meya wa kijiji cha Turtle River huko Minnesota, mwaka 2014.

Kwa mwanahistoria, funzo lake si kwamba kila kilichosahauliwa ni johari. Santuri nyingi zilisahauliwa kwa haki. Funzo ni kwamba idadi ya wanunuzi hueleza watu wa mwaka fulani walikuwa tayari kusikia nini, wala haielezi yote yaliyosemwa mwaka huo. Anayeandika historia ya mwaka 1966 kwa kufuata orodha za mauzo atapata sauti za waliopendwa. Askari watano waliouliza kuhusu Vietnam kwa banjo na ngoma hatawaona humo, nao walikuwapo.