"Skimu" Bila Mtenda: Neno Moja la Kiingereza katika Historia ya Pwani ya Lindi

Utangulizi

Katika semina moja ya mwaka wa kwanza, mwenzetu aliandika kwenye insha yake ya Kiingereza kwamba serikali ya Tanganyika baada ya uhuru "schemed to help the peasants". Mwalimu akalipigia neno lile mstari mwekundu, pembeni akaweka alama ya kuuliza, basi. Mwenzetu akaja juu: "Sasa kosa langu nini, jamani? Mbona vitabu vyote vimejaa 'settlement scheme', mara 'irrigation scheme'? Kama nomino ipo, kitenzi chake kimekosa nini?" Hakuna aliyemjibu. Muda ukaisha, tukatoka kwenda kula.

Makala hii ni jaribio la kumjibu mwenzetu huyo, na wengine wenye swali kama lake. Jibu la kisarufi ni fupi. Jibu la kihistoria ni refu zaidi, na haliwezi kutolewa mtu akiwa amekaa maktaba tu na kamusi yake. Linatupeleka Lindi, Nachingwea, na mpaka vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa.

Neno lenyewe

Kiingereza kina tabia ambayo Kiswahili hakina: umbo lilelile, bila kuongezwa kiambishi chochote, husimama kama nomino na pia kama kitenzi. "Plan", "work", "water", "scheme", yote ni hivyo. Kinacholitambulisha neno ni majirani zake. Likitanguliwa na "a" au "the", hiyo ni nomino. Likitanguliwa na "to", au likimfuata mtenda wake, hicho ni kitenzi. Maneno kama "record" na "export" angalau husikika tofauti: nomino hubeba mkazo mwanzoni, kitenzi mwishoni. "Scheme" ni silabi moja, haina pa kuhamishia mkazo. Na hata "s" ya mwishoni haisaidii, maana inaweza kuwa ya wingi wa nomino au ya kitenzi cha nafsi ya tatu umoja. Hebu soma: "the government schemes". Je, ni mipango ya serikali, au ni serikali inakula njama? Bila sentensi nzima hujui.

Tofauti iliyomponza mwenzetu lakini si ya umbo, ni ya maana. Katika Kiingereza cha Uingereza nomino hii ni safi kabisa. Mpango wa pensheni ni "scheme", mpango wa kumwagilia mpunga ni "scheme", na hakuna anayetiliwa shaka. Kitenzi chake ni kitu kingine. "To scheme" ni kula njama, kufanya hila, kupanga jambo gizani. Kwa hiyo mwenzetu alitaka kusema serikali iliwapangia wakulima mema, akajikuta amesema iliwafanyia fitina. Neno alilolihitaji ni "planned", kwani "plan" ni salama pande zote mbili. Kwa Wamarekani mambo ni mabaya zaidi: kwao hata nomino "scheme" mara nyingi hunuka utapeli.

Asili ya neno ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni umbo. Wataalamu wa balagha walilitumia kwa namna maneno yanavyopangwa ili yavutie, yaani mbinu kama takriri na usambamba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wanafasihi walikuwa nalo kabla ya maafisa wa kilimo. Kutoka umbo likaja kuwa mchoro, kutoka mchoro mpango, na kutoka mpango, njama. Nomino ilibaki na heshima yake, kitenzi kikaharibikiwa. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu kitenzi hudai mtu. Mpango unaweza kusimama peke yake kwenye karatasi. Kitenzi hakisimami mpaka useme nani anatenda, na ukishamwona mtu amekaa anapanga mambo ya watu wengine, unaanza kumshuku.

Skimu inafika Lindi

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company, tawi la Unilever, alilipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haikuwa na mafuta ya kutosha ya kula. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ukatumwa kuchunguza, na Februari 1947 ukatolewa waraka wa serikali. Ndani yake zilikuwemo ekari 3,210,000, zikigawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika, na zaidi ya nusu ya yote katika Jimbo la Kusini. Waziri wa Chakula aliyeubeba mpango huo Bungeni alikuwa John Strachey wa chama cha Labour.

Jambo la kuangalia ni kwamba kichwa cha waraka ule kilitumia neno "plan". Midomoni mwa watu na magazetini lililoshika ni "Groundnut Scheme". Kwetu likawa Skimu ya Karanga. Jina hilo ndilo lililobaki.

Upande wa kusini, mashamba yalikuwa Nachingwea. Tatizo lilikuwa njia. Bandari ya Lindi ina kina kifupi, haikuweza kupokea meli kubwa za mitambo. Ikatengenezwa bandari ya muda Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na reli ikajengwa kutoka hapo hadi Nachingwea, ikakamilika mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ikaanzishwa Mtwara, ikafunguliwa mwaka 1954. Vifaru vya Sherman vilivyopigana vita viligeuzwa kuwa matrekta, vikapewa jina la "Shervick". Lakini visiki na mizizi ya pori vilivunja vyuma, mvua hazikufuata ratiba ya London, na gharama zikazidi mavuno. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango ule na kufuta zaidi ya pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa miaka mitatu baada ya mzigo uliosababisha ijengwe kufutwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang'olewa.

Sasa tazama tunavyoisimulia habari hii mpaka leo, katika vitabu na hata barazani: skimu ilikuja, skimu ilifyeka pori, skimu ilileta reli, skimu ikafa. Nomino imekuwa mtu! Ina miguu, ina mikono, ina hata mauti yake. Nani aliamua kwamba ardhi ile ni pori tupu? Nani aliwauliza Wamwera waliokuwa wakilima, wakiwinda na kuzika wazee wao pale? Katika sentensi zile hakuna nafasi ya swali hilo, kwa sababu kiti cha mtenda kimeshakaliwa na skimu yenyewe. Alan Wood, aliyekuwa ofisa wa habari wa shirika hilo kabla ya kujiuzulu, aliita kitabu chake cha mwaka 1950 "The Groundnut Affair". Naye alibadilisha nomino kwa nomino.

Kiswahili kinasemaje?

Kiswahili kilipokea "skimu" kama nomino tu. Tunasema skimu ya umwagiliaji, lakini hakuna anayesema "waliskimu". Tukitaka kitenzi tunarudi nyumbani, kwenye panga. Na hapa lugha yetu inatenda jambo ambalo Kiingereza hakitendi: hailiachi tendo bila mwenyewe. Walipanga, tulipanga, mlipanga. Hata ukigeuza kuwa kauli ya kutendwa, ilipangwa, msikilizaji anabaki anasubiri: na nani?

Mzizi huo una watoto wengi. Upo mpango, upo upangaji, na yupo mpangaji. Huyu mpangaji ana sura mbili. Wa kwanza ni yule anayepanga mambo. Wa pili ni yule anayekaa katika nyumba au ardhi ya mwingine kwa kulipa kodi. Sasa fuata historia. Mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mabaki ya skimu, likaanzisha Nachingwea, Kongwa na Urambo utaratibu wa wakulima Waafrika kulima vipande vya mashamba yale chini ya uangalizi wake, kama wapangaji. Yaani wapangaji wa maana ya kwanza walikuwa London na Dar es Salaam. Wenyeji wakawa wapangaji wa maana ya pili, katika ardhi ya kwao. Sikuhitaji kutunga tashtiti hiyo, imo katika mofolojia.

Na lipo panga jingine, lile la chuma. Kwa umbo, panga la kufyekea na panga la kuamrisha "panga vitabu" ni neno moja, nomino na kitenzi, kama "scheme" ya Waingereza. Kwa asili ni maneno mawili tofauti, tusijidanganye. Ila mashine za skimu ziliposhindwa, kazi ya pori iliwarudia wenye panga la chuma, na hao majina yao hayamo katika waraka wowote.

Pamba, maji na operesheni

Skimu ya karanga haikuwa ya kwanza pwani hii. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, Wajerumani waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa amri ya maakida na majumbe. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kung'oa ni kitenzi, na wenyewe wanajulikana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata.

Mwandishi aliyeligeuza tukio hilo kuwa tamthilia, Ebrahim Hussein, alizaliwa Lindi mwaka 1943. Katika Kinjeketile (1969) tatizo kuu ni neno ambalo likishatoka kinywani halimtii tena aliyelisema. Wahakiki wengi huishia kwenye imani na uongozi. Mimi naona tungeweza pia kuisoma tamthilia hiyo kama mjadala juu ya nomino. Maji ni nomino tupu, haina nafsi wala wakati, ndiyo maana kila mtu anaweza kuijaza anachotaka, na hakuna anayeweza kuulizwa.

Baada ya uhuru tulikuja na nomino zetu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 ikapita Operesheni Vijiji nchi nzima, Mkoa wa Lindi ukiwemo. Operesheni nayo haina kitenzi. Lakini wananchi hawakusema "operesheni ilitukuta" tu. Walisema tulihamishwa. Hama, hamisha, hamishwa: mnyambuliko huo unabeba nadharia nzima. Anayehama ana hiari. Anayehamisha ana uwezo. Anayehamishwa anajua kabisa kwamba yupo mtu nyuma yake, hata kama hamtaji. Tofauti ya operesheni na tuliyoieleza juu ni kubwa, na sitaki kumfananisha Mwalimu Nyerere na Strachey. Nasema tu kwamba nomino ilifanya kazi ileile ya kumficha mtenda.

Na leo neno ni mradi. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, inakwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na eneo la Likong'o, Lindi, limetengwa kwa ajili ya kiwanda cha kuchakata gesi. Limetengwa. Na nani, kwa kumuuliza nani? Si kosa kuuliza, ni sarufi.

Pingamizi

Kuna atakayesema: acha kuonea nomino, bwana, lugha haitawali watu, watu hutawaliwa na wenye fedha na bunduki. Nakubali. Frank Samuel hakuhitaji nomino ili apate matrekta. Lakini sisi tunaoandika baadaye hatuna matrekta, tuna sentensi tu. Tukiandika "skimu ilishindwa" tumemaliza kazi ya mtawala kwa niaba yake, tena bure.

Hitimisho

Basi, kwa mwenzetu wa semina: mwalimu alikuwa sahihi. Ukiandika Kiingereza, tumia "scheme" kama nomino kwa mpango wa kawaida, na kitenzi chake ukiweke kwa ajili ya njama peke yake. Mstari mwekundu ubaki.

Lakini kwa sisi tunaokwenda Nachingwea, Mkwaya au Kilwa Kivinje kukusanya masimulizi ya wazee, naomba jambo moja. Mzee akisema "walituambia", "tulifyeka", "tulihamishwa", tusikimbilie kuandika skimu, operesheni au mradi ili insha ionekane ya kisomi. Tuandike kitenzi chake kama alivyokitamka, na nafsi zake zote. Kisha tumuulize, kwa adabu, hao "wa-" ni akina nani.