Kombe la Maalim, Kidonge cha Mwalimu

Nilipokuwa na miaka saba nilishikwa na homa isiyotaka kuondoka, na bibi yangu hakunipeleka zahanati kwanza. Alinishika mkono tukapita vichochoro vya Kibokoni hadi kwa maalim aliyekuwa akinisomesha Juzuu Amma. Maalim alitwaa sahani nyeupe, akachovya kalamu ya tete katika zaafarani, akaandika, kisha akaiosha ile sahani kwa marashi na kunipa maji yake ninywe. Hilo ndilo kombe. Wiki iliyotangulia alikuwa amenichapa kwa kukosea herufi, siku hiyo akawa tabibu wangu, na mimi sikuona ajabu yoyote.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya walimu wa afya shuleni husimuliwa kama kitu kilicholetwa na semina. Hapa kisiwani Mombasa mwalimu hakuwa mtu wa ubao na chaki peke yake. Ndiye aliyeandika hirizi, aliyepiga falaki, aliyeulizwa siku njema kabla jahazi halijang'oa nanga. Nimefundisha shule ya msingi Mji wa Kale zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa afya. Semina zilinirudishia kazi ambayo maalim wangu alikuwa nayo, ila kwa elimu nyingine.

Shule ya serikali ilikuja kwetu mwaka 1912, ilipofunguliwa Shule ya Waarabu, ile ambayo leo ni Serani. Ikagawanya siku ya mtoto: asubuhi shule, alasiri chuoni kwa maalim. Ikagawanya na kazi ya mwalimu pia, kwani mambo ya mwili yakahamia kwa daktari na bwana afya. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyechapisha hapa Mombasa gazeti la Sahifa na kisha Al-Islah, aliwahimiza watu wake kutafuta elimu ya zama zao na kuacha mazoea aliyoyaona hayana msingi katika dini. Bibi yangu alimheshimu mno Sheikh, lakini kombe hakuliacha.

Mbali na bahari, Kabete, mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes, mkuu wake wa kwanza akiwa James Dougall, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Waliopelekwa huko walikuwa watu waliokwisha kuwa walimu. Walikaa na wake zao katika nyumba zilizotakiwa kuwa za mfano, wakajifunza choo bora, maji safi, malezi ya mtoto na kilimo, kisha wakarudi kuzungukia shule za vijijini. Kulikuwa na kiburi cha kikoloni ndani yake, cha kumwona Mwafrika kwanza kama mtu wa kusafishwa. Hata hivyo jambo moja walilipatia kuliko sisi tuliokuja baadaye: walimpa mwalimu muda wa kujifunza.

Sisi wa cheti cha ualimu cha P1, afya tuliisoma kama sura za somo la sayansi. Ukifika shuleni, mkuu anatazama walimu wapya, anachagua mwanamke, anasema, "Wewe utakuwa mwalimu wa afya." Ukapewa kisanduku chenye pamba, bandeji na chupa ya spiriti, ukawa mkaguzi wa kucha kila Jumatatu.

Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na elimu yake ikaingia madarasani. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kazi hii. Semina ilitupa maneno ya kitabu. Niliyapeleka darasa la saba, wasichana wakainamia madawati, wavulana wakacheka, nami ulimi ukanishika. Watoto hawa walikuwa binti na wana wa watu ninaosali nao jamaa, ambao mama zao hunipitishia sahani ya futari. Nilirudi nyumbani nimeona haya, na usiku nikakumbuka kwamba watoto wale wale, alasiri, hukaa mbele ya ustadhi na kusomeshwa mlango wa twahara: balehe, hedhi, janaba. Wanayataja maneno hayo bila kucheka, maana ni elimu. Siku ya pili nikaanzia hapo. Nikauliza nani anazijua alama za balehe, na mikono ikainuka. Kutoka hapo tuliweza kufika tulikotakiwa kufika. Hakuna semina iliyonifundisha hivyo, na sidhani ingeweza, kwa kuwa mwongozo wa semina uliandikwa kwa ajili ya nchi nzima.

Kisha ikaja dawa ya minyoo. Magharibi mwa nchi, huko Busia, utafiti ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 ulikuwa umeonyesha kwamba watoto waliopewa dawa walipunguza utoro kwa kiasi cha robo. Mmoja wa watafiti wake, Michael Kremer, alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2019. Pemba, ambako nyumba nyingi za Mji wa Kale zina jamaa, walimu walikuwa wakigawa dawa hiyo tangu katikati ya miaka ya 1990. Kenya ilitoa sera yake ya afya shuleni mwaka 2009, na kuanzia mwaka 2012 mpango wa taifa ukashuka hadi kwetu Pwani.

Ulishuka kama maji ya ngazi: wa taifa wakawafunza wa kaunti, hao wakawafunza wa kaunti ndogo, nao wakatufunza sisi, walimu wawili wawili kwa kila shule. Sisi wa ngazi ya mwisho tulipewa siku moja. Tulifundishwa kidonge cha albendazoli, miligramu 400, mtoto akitafune mbele yako, mgonjwa asipewe, kila jina liandikwe. Ukumbi ulikuwa wa joto na mifereji ya chooni haikutoa maji siku tuliyofundishwa kunawa mikono.

Mitaani hakuna aliyehitaji kuelezwa minyoo ni nini. Watu wanasema mchango, na safura wanaijua kwa weupe wa viganja. Somo la kunawa nililishikiza kwenye udhu: mtoto anayejua kuosha mkono hadi kiwikoni mara tatu anahitaji kuongezewa sabuni tu, na kukumbushwa kwamba embe mbichi ya pilipili langoni inashikwa kwa mkono huo huo. Tatizo lilikuwa uvumi. Mama mmoja alikuja na buibui lake limelowa jasho, akaniuliza, "Mwalimu, niambie kweli, hii si ya kuwafunga uzazi? Na hakuna nguruwe ndani?" Nilimpa kidonge akishike. Nikamwonyesha kwamba si kapsuli, hakina ganda la jeletini, nikamwambia wajukuu zangu wameshakitafuna. Alinitazama sana usoni. Kidonge hakukitazama. Kisha akamsukuma mwanawe mbele.

Mpango ulitaka pia watoto wasioandikishwa shuleni, kuanzia miaka miwili, nao walikuwa na fomu yao. Wengi wa hao kwetu wako madrasani. Mwaka wa kwanza walikuja wachache, wamebebwa na dada zao. Nikaenda kumwona maalim wa mtaa, mtu mzima, ambaye baba yake ndiye aliyenipa lile kombe. Nilivua viatu nikakaa jamvini, nikamweleza dawa inavyofanya kazi na jinsi ya kumpondea mtoto mdogo kidonge kisimkwame. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu maji ya kuteremshia, yachemshwe au la, akasema, "Inshallah, mwalimu."

Mzunguko uliofuata alifika langoni mapema kabla ya kengele, na safu ya watoto wenye kofia na mitandio nyuma yake, kila mmoja ameoshwa mikono. Alikuwa na karatasi yenye majina na miaka yao, ameyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Tulikaa benchi moja chini ya mkungu, yeye akisoma, mimi nikinakili kwenye fomu.